Mkono Mtupu

Miaka thelathini na mmoja nilibeba barua za watu,
kutoka Nuoro kupanda hadi Orune,
juu ya pikipiki iliyokohoa kila kona,
na sikufungua hata moja.
Pensheni, posa, wito wa mahakama:
mkononi bahasha zote zina uzito mmoja.

Ndiyo maana Daktari Ilenia Puddu aliponieleza
kwamba sindano ni za aina mbili,
moja dawa, moja maji ya chumvi,
na kwamba hata yeye hajui ipi ni ipi,
nilicheka, nikamwambia: kazi hiyo naijua.

Kurasa kumi na tisa. Nilitia sahihi kila ukurasa,
Bachisio Murru, Bachisio Murru,
mpaka jina likaanza kunishangaa.
Asiyejua maana haambiwi maana; mimi waliniambia:
kichefuchefu, kuhara, kizunguzungu,
na haki ya kujitoa siku yoyote
bila kuulizwa sababu.
Kisha jina wakalifungia kabatini,
wakanipa namba. Mia na kumi na nne.

Raimonda aliuliza kwa nini.
Mzee mwenye sukari ya ukubwani, vidonge anavyo,
anaenda mwenyewe akachomwechomwe kama mto wa pini?
Sikumjibu. Nilikuwa nakata jibini,
kile kipande chembamba ninachoruhusiwa.

Jibu lina miaka tisa. Linaitwa Mintonia,
dada yangu, baridi ya mwaka sitini na tano,
theluji imefunga barabara siku sita,
chupa ya insulini imebaki unyevu tu.
Alikunywa maji. Alikunywa maji.
Alikunywa mpaka kata ikagonga sakafu ya ndoo,
na pumzi yake ikanuka tufaha lililoiva kupita kiasi.
Siku ya saba tarishi akafika
na barua za wiki nzima
na kifurushi kidogo cha duka la dawa.
Nilikuwa na miaka saba. Nilikipokea mimi.

Sukari yake si yangu, najua, daktari kanieleza.
Yake iliingia kwa mlango mwingine.
Lakini jina ni moja,
na mimi ni mtu wa majina na anwani.

Basi kila Alhamisi ya pili, saa kumi na moja alfajiri,
tumbo tupu, safari ya Cagliari.
Muuguzi Gesuino anatafuta mshipa
huku akiilaani timu yake ya mpira.
Mirija sita. Mizani. Umelalaje?
Kiti cha mbele, namba mia na tisa, mwanamke
anafuma soksi. Hatuulizani majina,
ila siku asipokuja, nakitazama kile kiti.

Nilijipeleleza. Kizunguzungu nikakishangilia: dawa!
Mkanda ulipolegea tundu moja nikamwonyesha Raimonda.
Akasema ni mvinyo niliouacha.

Jana barua ililetwa
na binti wa pikipiki ya umeme, isiyokohoa,
asiyejua alichokibeba.
Nilimsubiri apotee kwenye kona, nikafungua.

Maji ya chumvi.
Miaka miwili, sindano hamsini na mbili, maji ya chumvi.

Raimonda alicheka mpaka akakaa chini:
kisiwa kizima kimezungukwa nayo,
wewe ukayafuata kwa basi!
Nami nikacheka. Kisha nikaacha.

Mkono mtupu haulambwi, ndivyo wasemavyo.
Lakini upo mkono uliojaa, sijui wa nani,
labda wa yule mfumaji,
na nani angejua kwamba umejaa
kama wangu haukuwekwa kando yake,
mtupu, umenyooshwa,
alfajiri baada ya alfajiri?

Barua inasema sukari za wenzangu zimeshuka.
Inasema pia, chini kabisa, kwa herufi ndogo,
utafiti mwingine unaanza Machi,
ni hiari, nauli italipwa.

Nimeiweka chini ya bakuli la zeituni.
Raimonda ameiona.
Hajaitoa.